Monita imegoma kutoka 1024x768 kwenye Linux: wiki mbili nalaumu draiva kumbe mchawi ni waya

Mzee wa Kadi (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Naweka huu uzi kwa faida ya mwenzangu atakayekuja kugugo saa nane usiku kama nilivyokuwa nagugo mimi, maana majibu niliyoyakuta mengi ni ya zamani huko na nusu yake yamenipoteza.

Nina kiofisi cha stationari huku Mbagala, kutoa kopi, kuchapa barua, kadi za harusi, mambo hayo. Desktopu yangu ya zamani ilikufa nikaenda Kariakoo nikachukua ya mtumba, i5, ramu 8, na monita ya inchi 22, waya wa VGA nikapewa bure juu ya bei. Huo "bure" muukumbuke. Nikapiga Linux Mint kwa sababu nimechoka na virusi vya flashi za wateja, kila flashi inayoingia hapa mafaili yamegeuka shotikati.

Ikawaka vizuri tu, sauti ipo, printa ikajitambua yenyewe, ila picha imevimba. Kila kitu kimepanuka kama kimekaliwa. Naingia kwenye setingi za skrini, rezolusheni ya juu kabisa ni 1024x768, hakuna nyingine, wakati monita ni 1920x1080 na stika yake ipo pale pale inasema hivyo.

Nikasema poa, nitaizoea. Hapo ndo nilipochemka. Akaja kijana anataka kadi za mchango, kadi 100, juu zina pete mbili zimeshikana. Kwenye skrini pete zinaonekana mayai yaliyolala. Mimi nikajua mchoro ndo umekaa vibaya, nikazibana kwa ubavuni mpaka zikawa duara safi kabisa, nikaprinti zote 100 bila hata kutoa sampo maana nilikuwa nakimbizana na umeme. Karatasi zikatoka na pete nyembamba zimesimama wima kama mbegu za boga. Jamaa kashika moja, kaiangaliaaa, akaniuliza taratibu, "Mzee, hizi ni pete au ni nini?"

Hesabu yake nimekuja kuielewa baadaye. 1024x768 ni umbo la 4 kwa 3, ukilitandaza kwenye kioo cha 16 kwa 9 kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja, kwa hiyo duara nililoliona mimi ni duara kwenye kioo changu tu, karatasi haijui habari za kioo.

Basi nikaingia vitani. Nikafungua terminali nikapiga `xrandr`, komandi ya kuangalia na kupanga skrini, ikaniletea hivi:

```
VGA-1 connected primary 1024x768+0+0 (normal left inverted right x axis y axis) 0mm x 0mm
   1024x768      60.00*
   800x600       60.32    56.25
   848x480       60.00
   640x480       59.94
```

Nikajaribu draiva, nikaapdeti kerneli, nikabadilisha Mint nikaweka Xubuntu, nikarudi Mint. Vile vile. Mwisho nikakuta dawa ambayo kila mtu anaitoa mtandaoni, ya kuilazimisha:

```
cvt 1920 1080 60
xrandr --newmode "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 1920x1080_60.00
xrandr --output VGA-1 --mode 1920x1080_60.00
```

Ikakubali! Nilipiga kelele mpaka muuza chipsi wa jirani akaja kuchungulia. Nikazima nikaenda nyumbani na amani yangu, asubuhi nawasha, 1024x768. Nikaambiwa weka zile laini kwenye faili la `.xprofile` ili zijipige zenyewe kila ukilogini, nikaweka, ikawa inafanya kazi ila kwenye ukurasa wa kulogini bado picha imevimba, na ikitokea nimechomoa waya nikarudisha, ndo hivyo tena.

Sasa kilichonifumbua macho ni pale mwisho wa ile laini ya kwanza. 0mm x 0mm. Kompyuta inakwambia kuna kitu kimechomekwa lakini ukubwa wake haiujui, ni kama mgeni amebisha hodi gizani hajajitaja jina. Monita inatakiwa ijitambulishe, mimi ni nani, nina upana huu, rezolusheni zangu hizi. Huo utambulisho unaitwa EDID, ni baiti 128 tu au 256, na kwenye VGA unapita kwenye pini zake maalumu, namba 12 na 15. Usipofika, Linux inakupa 1024x768 kwa sababu ndo kitu ambacho karibu kila monita inakiweza.

Nikachomoa waya wa bure nikaumulika na tochi ya simu. Pini za VGA ni 15, safu tatu, tano tano. Pini 12 na 15 zipo kwenye safu ya mwisho, 15 ipo kwenye kona na 12 ni ya pili kutoka kona ya upande wa pili. Kwangu namba 12 ilikuwa imezama ndani yote, imebaki kishimo tu. Nikanunua waya mwingine buku saba, nikachomeka hata kompyuta sikuizima, sekunde mbili, 1920x1080. Wiki mbili wakuu. Buku saba.

Angalizo: ukikuta pini namba 9, ile ya safu ya katikati, haipo, usipaniki, nyaya nyingi nzima kabisa zinatoka kiwandani bila hiyo.

waya_mmoja

Umeeleza vizuri mkuu. Niongezee kitu ili watu wasimulike pini bila sababu, kabla ya kushika waya piga hii:

```
for f in /sys/class/drm/*/edid; do echo $f; cat $f | wc -c; done
```

Kwenye tundu lililochomekwa monita ukiona 128 au 256 basi utambulisho umefika, tatizo lako lipo kwingine. Ukiona 0 na monita imechomekwa, acha kabisa habari za draiva, tafuta kilichopo katikati: waya, adapta, spilita, hata monita yenyewe.

Na hiyo 173.00 kwenye ile laini yako ya newmode ni megahezi, picha inasukumwa kwa kasi hiyo. VGA inaibeba, ila DVI ya kawaida mwisho wake ni 165, kwa hiyo mtu akikopi laini yako akapesti kwenye DVI anaweza kuona skrini nyeusi au monita inamwambia ishara imezidi uwezo. Apige `cvt -r 1920 1080 60`, inashuka hadi 138.50, rezolusheni ni ile ile.

rudi_windows

Haya mateso yote ya nini jamani, si ungerudisha Windows tu ukala maisha

Mzee wa Kadi

Nilijua utakuja 😂 Waya ule ule niliuchomeka kwenye laptopu ya mdogo wangu ina Windows, kwenye jina la monita imeandika "Generic Non-PnP Monitor", maana yake hata yeye hakumjua mgeni. Tofauti yeye alinipa listi ndefu nichague mwenyewe kwa kubahatisha, Linux ikanipa kidogo. Hapo nakubali Linux wangeweza kutuandikia japo kaujumbe kwamba oya, monita haijajitambulisha, angalia waya. Hakuna. Unaachwa unajilaumu.

Babu Modemu

Vijana mnadeka. Sisi enzi za XFree86, mfumo wa zamani wa picha kwenye Linux, hakuna cha kujitambulisha, unachukua kitabu cha monita, unatafuta HorizSync na VertRefresh, unaandika kwa mkono kwenye XF86Config, ukikosea monita ya chupa inaanza kulia mluzi mwembamba na unakimbilia kuizima maana inaweza kuungua kweli. Ndiyo sababu Linux inaogopa kubahatisha mpaka leo, ni woga wa kurithi. Hiyo `xrandr` ya kubadilisha skrini bila kuanzisha upya kila kitu ilituponya sana, RandR 1.2 ya 2007 ndiyo iliyoleta hizo habari za output na addmode mnazozikopi.

msela wa 254

Niko Nairobi, hii thread imenifaa lakini shida yangu ni tofauti kidogo. Nimeunganisha PC na TV ya inchi 32 kwa HDMI, rezolusheni inasema 1920x1080 sawa kabisa, lakini panel ya chini imekatwa, sioni saa wala menyu, na maandishi yako na ukungu. Nimecheki hiyo edid yangu ni 256. Waya nimebadilisha mbili tayari, zote nimetoa Luthuli. Nifanye nini?

waya_mmoja

256 ni nzuri, waya zako hazina kosa, hizo pesa umezitupa bure pole sana.

TV ina tabia ya kuikuza picha kidogo na kukata pembe, tabia ya tangu enzi za matangazo ya antena. Usiiguse Linux kwanza. Chukua rimoti, tafuta kwenye setingi za picha sehemu ya ukubwa au umbo la picha, TV nyingine wanaandika Just Scan, nyingine Screen Fit, nyingine 1:1. Nyingine ukibadilisha tu jina la HDMI likawa PC inaacha yenyewe.

Ukungu ni kitu kingine. TV nyingi za inchi 32 zinapokea 1920x1080 lakini kioo chenyewe kina vitone 1366x768 tu, kwa hiyo inaifinya picha ikae. Angalia modeli yako. Kama ndivyo, chagua 1366x768 kwenye listi kama ipo, ama 1280x720, na ukitaka kuitengeneza mwenyewe kwa cvt usishangae ikikuletea 1368, hesabu yake inataka upana unaogawanyika kwa 8.

Rangi zikionekana zimepauka na una kadi ya Intel, jaribu `xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Full"`.

msela wa 254

Aki imekubali, ilikuwa ni rimoti tu!! Na ukweli panel ni 1366x768, muuzaji aliniambia ni full HD. Nitarudi kwake kesho.

mwanachuo_yb

Mbona mimi nikipiga xrandr naona XWAYLAND0? Na newmode naweka haifanyi kitu kabisa. Ubuntu 22.04, laptopu na monita ya nje, naitumia HDMI kupitia adapta ya kwenda VGA.

waya_mmoja

Kwa sababu upo Wayland dogo, mfumo mpya wa kupanga picha, wakati xrandr ni ya mfumo wa zamani, Xorg. Piga `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ikijibu wayland, basi xrandr hapo ni mtazamaji tu, hana mamlaka, anayepanga skrini ni GNOME mwenyewe. Kwa 22.04 unaweza kulogauti, kwenye ukurasa wa kulogini bonyeza jina lako halafu kigurudumu cha kona ya chini, chagua Ubuntu on Xorg. Ila usiizoee sana hiyo njia, kuanzia Ubuntu 25.10 sesheni ya GNOME ni Wayland peke yake.

Njia inayofanya kazi kote kote ni kumwambia kerneli mapema. Fungua `/etc/default/grub`, faili la setingi za kuwashia kompyuta, kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya zile alama za nukuu ongeza:

```
video=HDMI-A-1:1920x1080@60
```

halafu `sudo update-grub`, restati. Na hapa ndo wengi wanaangukia: xrandr inaita HDMI-1, kerneli inaita HDMI-A-1. Ukiweka jina la xrandr kwenye grub hakuna kitakachotokea na hutaambiwa kosa. Jina sahihi lipo kwenye folda la `/sys/class/drm`, toa lile neno card0 au card1 la mbele.

Ila anza na adapta. HDMI kwenda VGA sio waya tu, ndani kuna chipu inayotafsiri, na inakula umeme. Zile zenye kitundu cha kuchomekea USB pembeni, chomeka hiyo USB kwanza kabla hujagusa grub.

mwanachuo_yb

Haina kitundu, ila nimeazima ya mwenzangu yenye kitundu imekubali. Sijagusa grub. Asante bro mkubwa. Swali la mwisho, mausi ikitoka monita kurudi laptopu inagonga ukuta juu, inapita chini tu??

Mzee wa Kadi

Hilo najibu mimi. Kioo cha laptopu yako ni kifupi kuliko monita, kwenye setingi za skrini vile viboksi viwili umevipanga vimelingana chini, kwa hiyo ile sehemu ya juu ya monita haina jirani wa kupakana naye. Kivute kiboksi cha laptopu kwa mausi ukipandishe mpaka kikae sawa na jinsi monita ilivyokaa mezani kwako kweli. Sio tatizo, ni ramani tu.

Kaka Pipa

Nami niweke yangu. Waya mzima, bado 1024x768, na xrandr ilikuwa inalalamika "Failed to get size of gamma for output default". Kumbe siku ya kuinstoli kompyuta iligoma kuwaka nikaambiwa niweke nomodeset, nikaweka, nikaisahau mle kwenye grub mwaka mzima. Nomodeset inaizuia draiva ya kadi isishike skrini kabisa. Pigeni `cat /proc/cmdline`, mkiliona hilo neno na kompyuta inaweza kuwaka bila hilo, litoeni, update-grub, restati. Wenye Nvidia wekeni kwanza draiva yake ndo mlitoe, msije mkabaki na kioo cheusi mkaja kunitukana hapa.

Kilindoni Boy

Nina monita ya 4K ya mtumba, picha safi ila mausi inaburuta kama ina matope. Hapo je?

waya_mmoja

Angalia kwenye xrandr namba yenye nyota, bila shaka ni 30.00. HDMI 1.4 mwisho wake kwa 4K ni mara 30 kwa sekunde. Kompyuta yako ikiwa na DisplayPort 1.2 tumia hiyo, utapata 60. Isipokuwa nayo shuka 2560x1440 uishi kwa amani.

Bi Duka

Samahanini kaka zangu nimesoma uzi wote tangu juzi sijachangia. Nina duka la vifaa vya ujenzi Tanga, kompyuta ya kaunta ina skrini mbili, yangu na ya mteja kuona bei, zote zimetoka kwenye kitu kimoja kidogo kinagawa VGA mara mbili. 1024x768 tangu mwaka juzi, kijana aliyenifungia aliniambia ndo uwezo wa kompyuta. Nimepiga ile komandi ya kaka waya_mmoja nimeona 0. Nimemulika waya zote mbili pini zipo.

waya_mmoja

Dada, mtuhumiwa ni hicho kigawio. Vingi vya bei rahisi vinapitisha picha tu, utambulisho wa monita vinaukata. Kitoe, chomeka skrini yako moja kwa moja, piga tena.

Bi Duka

128!! Na picha imekaa, maandishi yamekuwa madogo hadi nimevaa miwani 😂 Sasa ya mteja nafanyaje?

waya_mmoja

Geuza kompyuta nyuma utuambie kuna matundu gani.

Bi Duka

Kuna VGA moja, na vingine viwili vipana kama USB ila kona moja imekatwa.

waya_mmoja

Hizo ni DisplayPort dada, mbili nzima zimekaa bure miaka yote hiyo. Nunua adapta ya DisplayPort kwenda VGA kwa ajili ya skrini ya mteja. Kwenye setingi chagua skrini ya pili iwe kioo cha ya kwanza ukitaka aone unachokiona, au uitandaze aone bei tu. Mimi ningeitandaza, mteja asije akasoma na bei uliyonunulia.

Na kwa yeyote ambaye waya au kigawio hawezi kukikwepa, labda kimepita ukutani: chomeka hiyo monita siku moja kwa waya mzima, nakili utambulisho wake kwa `cat` kutoka kwenye lile faili la edid ulitie `/lib/firmware/edid/monita.bin`, halafu kwenye grub weka `drm.edid_firmware=VGA-1:edid/monita.bin`. Kama draiva ya kadi inapakiwa mapema na initramfs, kile kifurushi kinachotangulia kompyuta ikiwaka, faili hilo liwemo na huko. Hapo kompyuta inakuwa na kitambulisho cha mgeni mfukoni, hata asipojitaja.

Bi Duka

Nimekuelewa, adapta nimeagiza Dar inakuja na basi la kesho. Mzee wa Kadi, zile kadi za pete ziliishaje?

Mzee wa Kadi

Nilirudia zote 100 kwa gharama yangu dada, karatasi ile ya kung'aa. Bwana harusi akanipa na mimi moja ya mchango, single elfu 50, sikuwa na pa kukimbilia. Zile za mbegu za boga ninazo kabatini, nazikata katikati naandikia risiti mgongoni.